Risha Kabla ya Udi

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho hakitajwi kwenye jalada la kanda wala hakionekani kwenye picha ya jukwaani. Nakusudia risha, yaani ile bapa nyembamba ya pembe, ya plastiki au ya unyoya ambayo mpiga udi huishika kiganjani na kuzipigia nyuzi. Wapiga gitaa wana yao, ndogo ya pembe tatu, nao huiita piki. Wapiga taishokoto nao wana yao, na wapiga kanuni huvaa zao kwenye vidole vya shahada, zimebanwa kwa pete.

Kinachonisukuma kulizungumza jambo hili ni vijana. Hapa Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia Kibokoni mpaka Makadara, kila ninapokaa na kijana anayejifunza udi huniuliza ninunue udi wa wapi, wa Misri, wa Syria au wa Uturuki. Wanahesabu pesa, wanampigia simu mjomba aliyeko Dubai, wanangoja miezi. Udi ukifika, wanaupiga kwa kipande chochote kilichopatikana siku hiyo. Kisha wanalalamika kwamba udi hausemi, na wengine hufikia kusema wameuziwa udi mbovu. Mara nyingi udi hauna kosa lolote. Ni ile risha, na ni jambo la shilingi chache mno kulirekebisha.

Tuanze na namna sauti inavyotoka. Ncha ya risha ikiugusa uzi, kwanza inausukuma, uzi unapinda, kisha unaachiwa. Sauti yote unayoisikia inatokana na namna uzi ule ulivyoachiwa. Risha nyembamba sana hupinda yenyewe kabla uzi haujapinda, hivyo mkono umeshapita na uzi bado uko pale pale. Utasikia mlio wa plastiki kwanza, tap, ndipo sauti ya uzi ifuate, tena hafifu na isiyo na kina. Risha nene huupa uzi nguvu yote ya mkono, besi inajaa, noti inasimama. Lakini mkono ambao haujapata adabu ukipewa risha nene, utagonga tu, na udi utapiga kelele badala ya kuimba. Ncha nayo ina lake. Iliyochongoka hutoa sauti kali yenye kung'aa, na ya mviringo hutoa sauti nzito, ya upole. Na ukingo wa risha usipolainishwa vizuri, kila unapopita juu ya nyuzi za besi utasikia mkwaruzo, kwa sababu nyuzi hizo zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba, na waya ule unakwaruzwa na kuliwa kidogo kidogo. Mtu ananunua nyuzi mpya kila mara, akidhani nyuzi za siku hizi hazidumu.

Sasa kuhusu kushika. Risha ya udi haishikwi kama piki ya gitaa. Ni ndefu, sentimita 10 na kuendelea, na upana wake haufiki sentimita moja. Sehemu kubwa yake hulala ndani ya kiganja, vidole vimefungwa juu yake pasipo kukaza, kidole gumba kikiigandamiza kwa upole, na ncha tu ndiyo hutokeza. Kifundo cha mkono hukunjwa kuelekea nyuzi, na pigo hutoka kwenye kifundo hicho, halitoki begani. Pigo la kushuka ndilo lenye uzito, la kupanda ni la kurudishia. Ukimtazama mpigaji hodari kwa karibu, utaona mkono wake unaanguka kwa uzito wake wenyewe, na risha inamaliza safari yake ikiwa imetua kwenye uzi unaofuata. Ndiyo maana risha fupi humchosha mpiga udi, maana haina pa kulala kiganjani, inabidi aikamate kwa nguvu, na mkono unaokamata kwa nguvu haucheki.

Wenye umri wangu mtakumbuka namna marehemu Zein l'Abdin alivyoupiga udi. Alizaliwa Lamu, akaishi na kufanya kazi hapa Mombasa, na mwaka 1990 dunia nzima iliweza kumsikiliza katika sahani iliyotolewa Uingereza kwa jina la Mtindo wa Mombasa. Sikilizeni tena zile taksimu zake, yaani pale udi unapozungumza peke yake kabla ya wimbo kuanza. Msisikilize noti tu. Sikilizeni pigo. Kuna mahali anapiga kwa nguvu, kisha noti ile ile anairudia kwa mguso mdogo kabisa, na tofauti baina ya pigo la kwanza na la pili ndiyo inayobeba maana. Tofauti hiyo haipatikani kwa risha inayopinda kama karatasi, wala kwa risha ngumu isiyopinda hata kidogo.

Wazee wetu, na wazee wa wenzetu wa Uarabuni, walitumia unyoya. Inasimuliwa kwamba Ziryab, yule mwanamuziki aliyetoka Baghdad na kufika Cordoba mwaka 822, ndiye aliyeiacha risha ya mti na kuanza kutumia unyoya wa tai. Kama ni yeye wa kwanza au la, unyoya ulikaa mikononi mwa wapiga udi kwa karne nyingi. Kinachotumika ni lile shina lake. Nywele za pembeni hung'olewa, shina hulowekwa lilainike, ncha hukatwa kwa mshazari, kisha hupakwa mafuta. Sauti yake ni laini ajabu, na uzi unaachiwa bila mlio wa pembeni. Ubaya wake ni kwamba haudumu. Ncha hupasuka, na fundi inabidi awe na manyoya ya akiba.

Kisha kuna ng'amba, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana jambo hili linatuhusu sisi watu wa pwani kuliko mtu mwingine yeyote. Gamba la kasa ng'amba ndilo lililosifiwa kuliko vifaa vyote vya kutengenezea risha na piki. Wapiga mandolini wa Italia walilipenda, na wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani vile vile. Ni gumu lakini linapinda kidogo na kurudi mahali pake, na halitelezi juu ya uzi. Na gamba hilo lilitoka wapi? Sehemu kubwa lilitoka katika bahari zenye joto kama hii yetu. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Erythraea, kinataja bidhaa zilizochukuliwa kutoka Rhapta, mji wa biashara uliokuwa kwenye pwani hii ya Afrika Mashariki. Kinataja pembe za ndovu, pembe za kifaru, na magamba ya kasa ambayo kwa ubora yalizidiwa na yale ya India tu. Takriban miaka elfu mbili tumekuwa tukiwatoa ng'amba wetu waende wakawe vitana, visanduku, fremu za miwani na piki za watu wa mbali.

Leo ng'amba yuko ukingoni mwa kutoweka duniani. Tangu mwaka 1977 biashara ya kimataifa ya gamba lake imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, na hapa Kenya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamlinda kwa adhabu nzito. Nasema haya kwa sababu bado wapo watu wanaonong'ona kwamba risha ya ng'amba ndiyo risha ya kweli, na kwamba mvuvi fulani anaweza kukupatia kipande. Mimi nakataa, na sikatai kwa kuogopa sheria peke yake. Ng'amba jike huchukua miongo kadhaa kabla ya kupanda ufukweni kutaga kwa mara ya kwanza. Kumuua mnyama wa namna hiyo kwa ajili ya kipande cha sentimita chache ni kumdhulumu yeye na kuwadhulumu watoto wetu. Tena hakuna haja. Gamba la ng'amba, shina la unyoya, pembe ya ng'ombe na kucha zako wewe msikilizaji, vyote vimeumbwa kwa kitu kimoja, kile ambacho wataalamu wanakiita keratini. Pembe ya ng'ombe ni ndugu yake halisi wa gamba la ng'amba, na pembe za ng'ombe zinatupwa kila siku machinjioni.

Basi nieleze namna pembe inavyogeuka kuwa risha, maana ni kazi ambayo seremala yeyote wa hapa mjini anaiweza. Ncha ya pembe ni nzima, haina uwazi ndani, lakini kuelekea kichwani pembe ni kama bomba. Unachotaka ni ukuta wa hilo bomba. Pembe kwanza husafishwa na kuachwa ikauke mpaka ule mfupa wa ndani ulegee na kutoka. Kisha unakata kwa msumeno wa chuma kufuata urefu wa nyuzinyuzi za pembe, kamwe usikate kwa kukingama, la sivyo risha itapasuka wiki ya kwanza. Kile kipande kitakuwa kimejikunja. Unakichemsha kwenye maji mpaka kilainike, unakitoa kwa koleo, na upesi upesi unakibana baina ya mbao mbili kwenye jiriwa. Kiache humo usiku kucha. Asubuhi utakuta bapa iliyonyooka. Hapo ndipo unaanza kuikwangua kwa kipande cha kioo, halafu msasa mkavu, halafu msasa wa maji, mpaka upande wa ncha uwe mwembamba kuliko upande wa kiganjani. Wembamba huo wa taratibu, kutoka nyuma kwenda mbele, ndio siri yenyewe. Risha yenye unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho hupinda katikati, mahali ambapo hukutaka ipinde. Iliyopunguzwa vizuri hupinda kwenye ncha tu.

Pembe za ng'ombe wetu wa kawaida ni fupi, na kwa risha ndefu hazitoshi sana. Pembe za ng'ombe wa Ankole kutoka Uganda ni jambo jingine. Ni ndefu, nene, na pembe moja inatoa vipande vingi. Zinauzwa huku na huku kama mapambo, na ningependa kuona baadhi yake zinaingia kwenye muziki.

Asiyepata pembe asivunjike moyo. Kadi ya benki iliyokwisha muda wake ina unene wa milimita 0.76, unene ambao unafaa sana kwa udi. Ikate kwa urefu wote upate kipande cha sentimita nane na nusu. Ni fupi kidogo, lakini kwa mkono mdogo wa mwanafunzi inatosha. Zile kamba za plastiki za kufungia nyaya za umeme, zilizo pana, wapiga udi wa nchi nyingi za Kiarabu wanazitumia, na sioni aibu kuzisifia. Zinapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya umeme, ni ndefu, zinapinda na kurudi. Kata kile kichwa, kwangua yale meno kwa kisu mpaka uso uwe laini, zungusha ncha kwa msasa. Jambo moja tu nakataza, nalo ni kukata kwa mkasi na kupiga hapo hapo. Mkasi huacha ukingo wenye makali usiyoyaona kwa jicho. Pitisha ukingo ule kwenye mdomo wako wa chini. Mdomo utakwambia kile ambacho kidole hakikuhisi.

Kwa wapiga gitaa sitakaa sana. Wengi wetu tumekulia na gitaa la vidole vitupu. Mwenda Jean Bosco alipoirekodi Masanga mwaka 1952 mbele ya Hugh Tracey, alitumia gumba na shahada tu, na hakuhitaji piki. Lakini gitaa la umeme linataka piki, na piki huuzwa kwa namba, 0.60, 0.73, 0.88, na nyingine zinafika milimita moja na zaidi. Anayepiga ridhimu achukue nyembamba, ili ipite juu ya nyuzi zote sita bila kukwama. Anayepiga solo achukue nene. Piki za zamani zilikuwa za seluloidi, kile kifaa ambacho Luigi D'Andrea wa New York alianza kukitumia kukata piki katika miaka ya 1920 kuiga rangi ya gamba la kasa. Seluloidi inashika moto upesi sana, kwa hiyo msijaribu kuinyoosha kwa mshumaa.

Taishokoto inastahili neno lake, kwa sababu ni chombo kilichotoka Japani, kilikobuniwa mwaka 1912 na Goro Morita wa Nagoya, kikavuka bahari na kufanywa mwenyeji kwenye harusi za Mombasa. Mkono wa kushoto unabonyeza vitufe, wa kulia unapiga nyuzi za chuma. Wengi huipiga kwa kipande kirefu cha plastiki laini, na matokeo yake ni ule mlio wa kukereketa unaoziba maneno ya mwimbaji. Nyuzi za chuma zilizokazwa vile zinataka kitu kidogo, kigumu, cha mviringo. Sikilizeni kanda za zamani za Zuhura Swaleh au za Maulidi Juma, mtaona taishokoto inavyoweza kulia bila kupiga makelele.

Tuje kwenye utunzaji, maana hewa yetu ya kisiwani haina huruma. Pembe inakunywa unyevu. Ukiiacha mezani msimu wa masika itajikunja upande mmoja, na ukiiacha ndani ya gari pale Treasury Square saa saba mchana itakauka na kupasuka. Mahali pake ni ndani ya kitabu kizito, baina ya kurasa, au kwenye sanduku la udi ikiwa imebanwa baina ya vibao viwili. Ukimaliza kupiga ifute jasho, kwa sababu jasho ni chumvi, na chumvi hiyo inahamia kwenye nyuzi. Kila baada ya wiki kadhaa ipake tone moja la mafuta ya zeituni, isugue kwa kitambaa mpaka isibaki na utelezi, kisha iache siku nzima kabla ya kuipiga. Na ilinde dhidi ya wadudu. Vipo vijidudu vinavyokula pembe na manyoya kama vinavyokula nguo za sufu, na ukiona vitundu vidogo kama vya sindano, itoe risha hiyo kwenye sanduku siku hiyo hiyo, kabla havijazifikia nyingine. Plastiki haina matatizo hayo, lakini inalika. Kila ncha inapokatika au kupata kona, ipeleke kwenye msasa.

Angalia pia uso wa udi wako, karibu na tundu kubwa. Pale pamewekwa kibao chembamba cha kupokea mapigo ya risha yanayopita nyuzi. Kama kibao hicho kimekwanguka upande mmoja tu, mkono wako unaegemea. Kama kimekwanguka hata nje ya mipaka yake, risha yako inatokeza mno kiganjani. Kibao kile kinakuandikia habari za mkono wako kila siku, na mwalimu mzuri hukisoma kabla hajakusikia ukipiga.

Nina jambo moja la kuwaambia wanaoandaa harusi na wanaopanga vipaza sauti. Spika zilipoingia na kinanda cha umeme kikapewa nafasi ya mbele, wapiga udi walianza kugonga kwa nguvu ili wasikike, wakachukua risha nene zaidi, nzito zaidi, mpaka ule mguso mdogo ukapotea. Wakati wa kituo cha Sauti ya Mvita, udi ulisikika redioni hapa Mombasa bila kugombana na mtu. Mpeni mpiga udi maikrofoni yake mwenyewe, iwekeni karibu na tundu, na mpunguze kinanda wakati wa taksimu. Hapo atarudi kwenye risha yake laini bila kuambiwa.

Na kwa mafundi seremala wa Mji wa Kale wanaonisikiliza, ninyi mnaochonga milango na masanduku, mna misumeno, mna jiriwa, mna msasa. Chukueni pembe mbili tatu machinjioni, mjaribu. Fanyeni unene wa aina tatu, milimita 0.6, 0.7 na 0.8 kwenye ncha, mziandike kwa wino ili mnunuzi ajue anachoshika. Walimu wa udi watazinunua, na mwanafunzi atakayezijaribu zote tatu juu ya uzi mmoja, kwa pigo moja, kwenye chumba kimoja, atachagua mwenyewe bila kumuuliza mtu.